Siku Mbili Kaziba

Tuliwaacha watoto kwa shangazi yao, Panzi,
na karatasi ya dawa, na namba tatu za simu,
na uongo mdogo: tunakwenda kwenye kilio.
Ungesemaje? Kwamba watu wazima wawili,
wenye madeni na meno ya kung'oa,
wanapanda mlima kwenda kulala tu?

Pikipiki ya Mushagalusa ikatupandisha,
mimi katikati, Zihalirwa nyuma akikumbatia mfuko
wa chumvi, sabuni, mikate na biskuti,
zawadi za mtu asiyejua atamkuta nani.
Baada ya Nyangezi vumbi likageuka ukungu.
Ziwa tulikuwa tumeliacha huko chini kama sahani
iliyosahauliwa mezani, haijaoshwa.

Mama Cibalonza hupangisha chumba kimoja:
kitanda, blanketi mbili, msumari mmoja ukutani.
Msumari mmoja, watu wawili.
Tukatundika koti langu, na lake juu ya langu.
"Asinge," akasema. "Mmekuja kumzika nani?"
Hata huku! Zihalirwa akacheka mpaka akakohoa.
"Hatukuja kuzika, mama. Tumekuja kupumzika."
Neno lile akalizungusha mdomoni
kama punje ya mahindi iliyokataa kuiva.
"Kupumzika," akasema. "Basi kaeni."
Akatuletea maharagwe ya kumenya.

Usiku sikulala.
Nilikosa jenereta ya jirani,
nilikosa mlevi wetu wa saa nane,
nilikosa kungoja umeme ukatike,
maana pale hakuna cha kukatika.
Ng'ombe mmoja alihema ng'ambo ya ukuta,
polepole, kama mtu asiyedaiwa.
Kisha Zihalirwa, gizani, akaniuliza kitu
ambacho hajaniuliza tangu mwaka wa mafuriko.
Si ada ya shule. Si kodi. Si nani amepiga simu.
Aliniuliza kama miguu yangu ina baridi.

Jumamosi tukaifuata sauti ya nyundo.
Mhunzi, Bisimwa, ni kijana; jezi yake imetobolewa na cheche
mpaka jina la mchezaji halisomeki.
Kipande cha springi ya lori kikaingia kwenye makaa,
kikatoka chekundu, laini kama bugali,
na nyundo ikaanza kukieleza kitakuwa nini.
Mdogo wake alisukuma mivukuto, jicho kwenye simu.
Tulikaa saa mbili. Sijui kwa nini nilitaka kulia.
Nyumbani kwetu kila kitu huja kimekwisha kutengenezwa
au kimekwisha kuharibika.

Tukanunua jembe.
Sisi, wa chumba na sebule kwenye mteremko wa Kadutu,
ambao shamba letu ni kopo la vitunguu dirishani!
"Mtalima wapi?" Bisimwa akauliza.
Zihalirwa alilipokea kwa mikono miwili,
bado lina joto,
akasema, "Tutaona."

Jumapili Mama Cibalonza alikataa nusu ya hela
akachukua chumvi yote.
Tulishuka na mpini kati yetu, ukinichoma mbavu
kila kwenye shimo, na mashimo ni mengi.
"Kilio kilikuwaje?" watoto wakauliza.
"Kizuri," nikajibu,
nikajing'ata ulimi nimekwisha chelewa.

Jumanne mvua ilikuja na nusu ya mlima.
Matope yakaziba mfereji wa uani,
na Mama Nsimire akabisha hodi, sketi kaipandisha magotini:
"Wanasema mna jembe."
Nani kasema? Lilikuwa nyuma ya mlango, ndani ya gazeti.
Nikampa.
Tukalisikia likiuma udongo, likigonga jiwe,
sauti ile ile, ya kule.
Zihalirwa akainua kichwa kutoka kwenye hesabu za mwezi.
"Miguu?" akauliza.
"Ina baridi," nikasema.